Cheti cha Skripti Kinalinda Nini Hasa?

Waandishi wa filamu tukikutana hapa Mwanza, swali ni lilelile: usajili skripti Cosota, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kumpa prodyuza, au ni kumaliza hela bure?

Wanaosema hakuna haja wana hoja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inampa mwandishi haki mara tu anapoiandika kazi yake, asajili asisajili. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unasema hivyohivyo. Haki hiyo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Shida inaanza pale mtu anapokukana. Mkifika mahakamani kila mmoja akidai kazi ni yake, cheti chenye tarehe kinakupa pa kuanzia. Meseji za WhatsApp nazo ni ushahidi, ila simu ikiibwa stendi ya Nyegezi unabaki na maneno matupu. Kwa hilo tu, naona usajili unalipa. Kibali cha Bodi ya Filamu, ambacho wengine hukichanganya na usajili, ni ruhusa ya kupiga filamu. Hakisemi hadithi ni ya nani.

Ninachokiogopa ni imani kwamba cheti kinalinda kisa. Hakilindi. Chukua mjane wa Kirumba anayegombea mtumbwi wa marehemu mumewe na mashemeji zake. Kisa hicho hakina mwenyewe. Watu watatu wanaweza kukiandika, kila mmoja kivyake, na asiwepo mwizi. Chako ni ulivyokiandika: mjane anaingia soko la samaki la Mwaloni alfajiri, anahesabu ndoo za dagaa kabla hajamsalimia shemeji, kisha anamjibu mbele ya wachuuzi kwa maneno uliyoyatunga wewe. Sasa wengi wetu tunamsimulia prodyuza kisa kwa mdomo, skripti ikiwa bado kurasa mbili. Hapo hata ukikimbilia kusajili, utakuwa umesajili kurasa mbili.

Tena cheti hupingwa. Aliyesajili kazi ya mwenzake hageuki kuwa mwandishi wake, ndiyo maana rasimu za zamani, hata zilizojaa mistari ya kufuta, usizichome.

Mimi msimamo wangu ni kusajili skripti nzima, ikiwa imekamilika na majibizano yake yote. Na kabla prodyuza hajaichukua, tuandikiane na kusaini: ananunua haki ya filamu moja tu au pamoja na ya tamthilia, analipa lini, na jina la mwandishi litatokea wapi.