Willie O'Ree Anastahili Kutajwa Pamoja na Bobby Orr

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu magwiji wa Boston Bruins, klabu ya hoki ya barafuni iliyoanzishwa mwaka 1924, jina la kwanza huwa ni la Bobby Orr, na hilo sina ugomvi nalo. Beki aliyeongoza ligi nzima ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, kwa pointi (mabao na pasi za mabao) mara 2, jambo ambalo hakuna beki mwingine aliyewahi kulifanya, na aliyetwaa tuzo ya beki bora misimu 8 mfululizo, hahitaji kutetewa.

Ninayetaka kumtetea ni Willie O'Ree, winga wa zamani wa Bruins hao hao. Takwimu zake katika NHL ni chache: mechi 45, mabao 4 na pasi 10 za mabao. Kwa sababu hiyo wapo wanaoona kwamba jezi yake namba 22 ilistaafishwa, yaani isivaliwe tena na mchezaji mwingine wa klabu, kwa heshima ya historia tu, wala si kwa uchezaji wake. Sikubaliani nao hata kidogo.

Januari 18, 1958, mzaliwa huyo wa Fredericton, Kanada, alipoingia uwanjani Montreal na kuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika NHL, jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni kabisa. Lilipigwa na kisahani cha raba, kile kinachochezewa badala ya mpira, alipokuwa katika ligi ya vijana, naye akaificha siri hiyo ili asizuiwe kucheza. Kwa winga wa kushoto, pasi nyingi hutokea kulia. Basi ilimlazimu ageuze shingo mpaka jicho la kushoto lichungulie juu ya bega la kulia, huku akiteleza kwa kasi na mabeki wakimvizia wambamize. Hapo sijataja matusi ya rangi aliyorushiwa kutoka majukwaani. Anayecheza hivyo na bado akawafunga Montreal Canadiens, kama alivyofanya Januari 1, 1961, ana kipaji kisichopimwa kwa idadi ya mechi. Aliposhuka ligi ya chini ya magharibi na kuhamishiwa winga ya kulia, ambako jicho lake zima lilitazama katikati ya uwanja, aliongoza ligi hiyo kwa mabao mara 2.

NHL haikupata mchezaji mwingine mweusi hadi mwaka 1974. Bruins nao waliistaafisha jezi ya O'Ree na kuipandisha darini mwa uwanja Januari 18, 2022, akiwa na umri wa miaka 86, na kwa sababu ya UVIKO-19 ikambidi aifuatilie sherehe hiyo kwa njia ya video. Kuchelewa huko ndiko ninakokulaumu.