Lawama Inayobebeshwa MDM2 Si Yake Yote

Takriban nusu ya saratani za binadamu huwa na hitilafu katika jeni ya TP53, mojawapo ya jeni zinazozuia uvimbe. Katika nyingi kati ya zilizobaki, p53, yaani protini inayotokana na jeni hiyo, huwa nzima lakini imefungwa mikono, na hapo ndipo MDM2 hutajwa kuwa mkosaji. Protini hii hukutana na p53 ndani ya kiini cha seli, huizuia kuwasha jeni nyingine, kisha huibandika ubikuitini, alama inayoifanya ipelekwe kuvunjwavunjwa.

Wanaotaka MDM2 izimwe wana hoja. Mwaka 1992 iligunduliwa kwamba katika baadhi ya sarkoma, yaani saratani za mifupa, misuli na tishu nyingine unganishi, jeni ya MDM2 imejirudufu kupita kiasi, na mwaka 2004 zikatangazwa nutlini, molekuli ndogo zinazoziba mfuko ambamo MDM2 huikamata p53.

Hata hivyo, majaribio ya mwaka 1995 hayajapewa uzito unaostahili. Panya walionyimwa jeni ya Mdm2 walikufa wangali viinitete. Waliponyimwa na jeni ya p53 pia, walizaliwa na kukua. Kwa maneno mengine, kilichowaua wale wa kwanza ni p53 yenyewe, mlinzi tunayemsifu, baada ya kukosa wa kumtuliza. Mwaka 2002 panya wengine ambao p53 yao ilifanya kazi kupita kiasi walipata uvimbe kwa nadra, lakini walizeeka mapema, mifupa yao ikadhoofika na maisha yao yakafupika. Ni vigumu kuiita adui protini ambayo kutokuwepo kwake kunaua.

Tena, p53 ndiyo inayowasha jeni ya MDM2. DNA inapokatika, kimeng'enya ATM huzibandika protini zote mbili fosfeti, alama nyingine ya kikemikali, mshiko wa MDM2 hulegea na p53 huongezeka. Ongezeko hilo huzalisha MDM2 zaidi, nayo huishusha p53. Kiasi cha p53 basi hupanda na kushuka kwa mawimbi.

Dawa zinazozuia MDM2, ambazo hazina msaada mkubwa pale TP53 yenyewe ilipoharibika, zimewapunguzia wagonjwa chembe sahani za damu, zile zinazoisaidia damu kuganda, kwa kuwa uboho wenye afya nao huitegemea MDM2. Ndiyo maana baadhi ya watafiti sasa huzitoa kwa siku chache, kisha humpumzisha mgonjwa kabla ya kipimo kingine.