Barua Iliyoiponza "The Well of Loneliness"

Msomaji wa leo akiifungua riwaya hii ya Radclyffe Hall, mwandishi mwanamke wa Uingereza, kutafuta uchafu ulioitikisa London mwaka 1928, atatoka mikono mitupu. Stephen Gordon, mwanamke mwenye jina la kiume, anampenda mwanamke mwenzake, Mary Llewellyn, na usiku wao wa kwanza umepewa maneno machache tu: usiku ule hawakutengana. Mchapishaji, Jonathan Cape, alikitoa kitabu kwa hadhari: jalada jeusi lisilo na pambo, nakala 1,500, bei shilingi 15, ghali kuliko riwaya za kawaida.

Naamini kilichokiponza ni barua. Agosti, mhariri wa Sunday Express, James Douglas, aliandika kwamba ni afadhali kumpa kijana mwenye afya chupa ya sumu kuliko riwaya ile. Cape akataharuki, akampelekea Waziri wa Mambo ya Ndani barua na nakala ili aamue yeye. Waziri huyo, Joynson-Hicks, alijulikana kwa ukali wa dini. Ni kumkabidhi fisi bucha. Alipotakiwa kukiondoa sokoni, Cape alikubali hadharani, huku kalibu za kuchapia kurasa zikisafirishwa kimyakimya hadi Paris, kwa mchapishaji Pegasus Press. Nakala 250 zilizorudi Uingereza kutoka huko zikazuiliwa bandarini Dover.

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya Bow Street, London, Novemba 9. Kipimo cha kisheria cha uchafu kilikuwa cha mwaka 1868: je, maandishi yanaelekea kumpotosha mtu aliye mwepesi kupotoka? Hapo mtetezi hana pa kushika. Mashahidi wapatao 40, Virginia Woolf na E. M. Forster wakiwamo, walikuwa tayari. Hakimu Chartres Biron hakutaka kuwasikiliza. Wakili wa Cape, Norman Birkett, naye alidai asubuhi kwamba wanawake wa kitabuni ni marafiki tu. Hall, kwa hasira na machozi, akamlazimisha kuifuta kauli hiyo mchana. Kitabu kizima kilikuwa kimeandikwa kuukana uongo huo.

Biron aliamuru nakala ziteketezwe. Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuna mhusika anayelaumiwa kwa mapenzi yale.

New York polisi walikamata nakala 865, lakini Aprili 1929 mahakama ikakisafisha, na mauzo yakapita 100,000. Uingereza kilirudi 1949, Hall akiwa kaburini miaka 6. Sheria mpya ya 1959 ndiyo iliyotaka kitabu kipimwe kizima na wataalamu wasikilizwe.

Wasomaji wengi wa baadaye wamekilaumu kwa huzuni yake, na wana haki: Stephen anamsukuma Mary kwa mwanamume akidhani anamwokoa. Lakini wasiishie hapo. Ukurasa wa mwisho Stephen anamlilia Mungu, na sauti yake si ya mtu anayeomba radhi: utupe na sisi haki ya kuwapo.