Shilingi 25 za Barabara: Wabunge Waachie Kaunti

Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Kenya imebeba shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Zilikuwa 18 hadi Julai 2024, serikali ilipoongeza 7. Mwenye matatu analipa, wa bodaboda analipa, na mama mboga asiye na hata baiskeli analipa pia, kwa sababu nauli ya gunia lake la sukuma wiki ina mafuta ndani. Sasa magavana wa kaunti na wabunge wanang'ang'ania nani azishike.

Mvutano huo uliiva katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Shilingi bilioni 10.5 za hazina ya ushuru huo zilikuwa ziende kwa kaunti 47. Wabunge wakakataa katakata, maseneta wakasimama na kaunti, mswada wa ruzuku za ziada kwa kaunti ukakwama katikati, na magavana wakakimbilia kortini. Barabara za vijijini zikaendelea kula springi za magari kama kawaida.

Mimi niko upande wa magavana, ingawa siwaamini sana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali kuu barabara kuu za kitaifa, nazo kaunti zikapewa barabara za kaunti. Uainishaji uliochapishwa katika gazeti rasmi la serikali Januari 2016 ulihesabu kilomita zipatazo 161,000 nchi nzima, na takriban 121,000 kati ya hizo zikawekwa chini ya kaunti. Hiyo ni robo tatu. Iweje mwenye robo tatu ya kazi ndiye asubiri kuhurumiwa wakati wa kugawa?

Jibu limo katika umri wa sheria zenyewe. Hazina ya ushuru huu ilianzishwa 1993, Bodi ya Barabara inayoisimamia ikaundwa kwa sheria ya 1999, na mamlaka tatu za serikali kuu, KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya barabara za vijijini, zikaletwa na sheria ya 2007. Zote ziliandikwa kabla ya kaunti kuzaliwa. Ndiyo maana katika mgao uliozoeleka KeNHA huchukua asilimia 40, KURA 15, na asilimia 22 huenda kwa maeneobunge kupitia KeRRA.

Hiyo 22 ndiyo kiini cha vita. Hugawanywa sawasawa kwa maeneobunge yote 290. Mathare, eneo unaloweza kulivuka kwa miguu asubuhi moja na ukapata nafasi ya kunywa chai njiani, linapata sawa na North Horr, ambalo kwa ukubwa linazishinda kaunti nyingi. Sijawahi kumsikia mhandisi akitetea hesabu hiyo. Wabunge ndio huitetea, kwa sababu greda likifika kijijini, mwananchi humshukuru mheshimiwa aliyelileta. Kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kuisimamia serikali. Akishaanza kuchagua barabara ya kuchongwa, nani atamkagua?

Hata hivyo wabunge wana hoja moja nzito. Kilomita peke yake si kipimo. Lori la kontena linalotoka Mombasa kwenda Malaba linaitesa lami kuliko pikipiki elfu za mashambani, na barabara ile ikifa, Uganda na Rwanda nazo zinakohoa. Kwa hiyo asilimia 40 ya KeNHA isiguswe. Mjadala uwe juu ya fungu la KeRRA na la KURA, ambazo nyingi ya barabara zao ni za mitaa na vijiji.

Kaunti nazo zifungwe kamba. Tumeona barabara za murram zikichongwa mwaka wa uchaguzi bila mtaro wala kalavati, halafu mvua ya kwanza inazirudisha mtoni. Fedha za ushuru zitumike kwa matengenezo pekee, na orodha ya barabara na kandarasi zake ibandikwe katika kila wadi.

Marekani waliwahi kulikabili swali hili. Sheria yao ya barabara kuu ya 1956 iliamua mapema: serikali ya Washington italipa asilimia 90 ya ujenzi wa mtandao mkuu, majimbo 10, na barabara zitakuwa mali ya majimbo. Kila upande ulijua bili yake kabla ya tingatinga kuwashwa. Walipoteleza ni kwenye ukarabati, uliobaki mzigo wa majimbo hadi fedha za Washington zilipofunguliwa kidogo miaka ya 1970. Pia kodi yao ya petroli ya kitaifa imesimama senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, kwa hiyo hazina yao imezoea kukopeshwa uhai na bajeti kuu. Kujenga kuna utepe wa kukata. Kuziba viraka hakuna.

Sisi tumeongeza kosa letu wenyewe. Zile shilingi 7 za nyongeza serikali imeziweka rehani ili ipate bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakidai. Makandarasi walistahili kulipwa, sikatai. Lakini ushuru wa matengenezo ya kesho umelipa ujenzi wa jana, na magavana na wabunge wanagombea shilingi 18 zilizobaki wakizungumza kana kwamba bado ni 25.

Bunge likirekebisha sheria ya 1999, lihamishe pia wahandisi na magreda ya KeRRA hadi kaunti. Gavana akipewa fedha bila mashine, atarudi kukodisha greda kwa rafiki yake.