Mikono Yenye Grisi Nayo Inahitaji Skrini

Mdogo wangu ni makanika Kirinyaga Road, pale wengi wetu bado tunapaita Grogan. Michoro ya nyaya za magari iko kwenye laptopu. Kila akitaka ukurasa unaofuata anaacha kazi, anapangusa mikono, anabonyeza, kisha anarudi chini ya boneti. Vitufe vimekuwa vyeusi tii.

Ili ageuze kurasa kwa kupunga mkono tu, nilimletea Kinect kuukuu kutoka Luthuli Avenue, ile kamera ya mashine ya michezo ya Xbox 360 iliyotoka Novemba 2010. Zilinunuliwa kama milioni 8 katika siku 60 za kwanza, na mwaka 2017 Microsoft ikaacha kuzitengeneza. Lakini kamera hii haikufungwa kwenye michezo kwa muda mrefu. Siku chache tu baada ya kuingia sokoni, Héctor Martín aliandika programu huria ya kuiunganisha na kompyuta, akatuzwa dola 3,000 na Adafruit, kampuni ya Marekani ya vifaa vya elektroniki. Sisi wa leo tunakula jasho la watu wa namna hiyo, na nawashukuru kwa dhati.

Kinect humwaga vitone vya mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, kisha husoma jinsi vilivyosogea ili kujua kila kitu kiko umbali gani, mara 30 kwa sekunde. Mkono uwe na grisi au uwe msafi, kwake ni mkono tu.

Kilichotushinda kwanza ni jua. Tuliifunga uani, haikuona chochote, kwa sababu jua lenyewe lina infraredi tele na vitone vikamezwa. Tukaihamishia ndani ya kibanda cha mabati, mtu akisimama zaidi ya hatua moja mbele yake, ikatii. (Ukiinunua, dai na adapta yake ya umeme, bila hiyo haiwaki kwenye kompyuta.)

Simwambii karani atupe kipanya. Kupunga mkono hewani kutwa nzima kunaua bega, ndiyo maana tumeweka ishara mbili pekee: mbele na nyuma. Thamani yake iko kwa asiyeweza kugusa. Mwaka 2011 madaktari wa upasuaji wa hospitali ya Sunnybrook, Toronto, waliitumia kupekua picha za mgonjwa bila kuchafua glavu. Fundi wa Grogan ana shida ileile, na anastahili suluhisho lilelile. Inaniuma kuona kamera hizi zikiishia jalalani Dandora wakati vyuo vyetu vya ufundi vina vijana wanaoweza kuzifunga katika gereji kumi.

Jana mdogo wangu aliniambia, "Bro, nitafutie nyingine, jirani anaitaka."