Vidonge vya soriasisi: kumeza ni rahisi, kazi iko kwenye vipimo

Mtu mwenye soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, akishachoka kupaka mafuta asubuhi na jioni, mashuka yamejaa magamba, kichwa kinawasha usiku kucha, swali lake ni moja tu, hivi hakuna kidonge nikameza haya mambo yakapungua? Vipo, na kwa mtu ambaye ugonjwa umesambaa mwili mzima au umeshika kichwani, viganjani au kwenye kucha mi niko upande wa vidonge kabisa, maana huko krimu inahangaika sana. Ila wale wanaosema vidonge ni njia nyepesi eti kwa sababu hamna sindano, hapo tunatofautiana.

Tuanze na methotreksati, ni ya siku nyingi, bei yake iko chini sana ukilinganisha na dawa mpya na inasaidia hata viungo vikiwa vimeanza kuuma. Kwenye tafiti, kama watu 4 kati ya 10 ngozi yao inakuwa nafuu kwa asilimia 75 au zaidi ndani ya wiki 16, sio mbaya. Lakini inamezwa MARA MOJA KWA WIKI jamani, sio kila siku, kuna watu wamekufa kwa kosa hilo hilo tu. Halafu inaweza kuumiza ini na kushusha chembe za damu, so vipimo vya damu haviepukiki, pombe ikae mbali, na mjamzito haigusi kabisa.

Siklosporini ina kasi, ndani ya wiki chache unaona tofauti, shida inabana figo na kupandisha presha, ndo maana haitumiki muda mrefu. Asitretini haishushi kinga ya mwili, hilo ni jema, ila inaharibu mtoto tumboni na mwanamke anatakiwa akae miaka 3 baada ya kuiacha ndo abebe mimba. Miaka mitatu! Kwa binti anayepanga kuzaa hiyo dawa sioni kwa nini iandikwe wakati zingine zipo.

Za karibuni ni apremilasti (Marekani waliipitisha 2014) na deukravasitinibu (2022). Usumbufu wa vipimo ni mdogo zaidi, japo apremilasti inaharisha watu mwanzoni na wengine inawashusha moyo mpaka sonona. Zilipolinganishwa, waliofikia ule unafuu wa asilimia 75 kwa wiki 16 walikuwa kama 58 kati ya 100 kwa deukravasitinibu na 35 kwa apremilasti.

Wa upande wa pili watasema sindano za kibayolojia (dawa za protini zinazozuia sehemu fulani tu ya kinga ya mwili) zinasafisha ngozi kuliko hivi vyote, na ni kweli, siwabishii. Lakini sindano hizo ni ghali mno, wengi hawazifikii, na kumwambia mtu asubiri hiyo wakati anateseka na methotreksati ipo sio haki.

Kitu kimoja kinaniuma, watu wanapewa prednisoloni ya kumeza, yaani dawa ya steroidi, ngozi inatulia haraka, wanafurahi, wakiacha ghafla ugonjwa unarudi kwa hasira kuliko mwanzo, wengine mpaka vipele vya usaha mwili mzima na kulazwa. Ukiandikiwa kidonge cha soriasisi uliza jina lake na uliza kipimo cha ini na figo kinafanyika lini, daktari akiona unamsumbua mwache aone hivyo.