Riba Imeshuka, Kitako cha Gorogoro Kimepanda

Kila baada ya miezi miwili hivi, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu hukutana kule Nairobi, na jioni yake redio ya karakana yangu, hapa karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, hunitangazia kwamba uchumi uko imara. Sibishi. Gavana wa benki hiyo, Kamau Thugge, ni mchumi, nami ni mchomeleaji wa milango ya vyuma.

Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6, Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7, na kwa kuwa shabaha ya serikali ni asilimia 5, wakubwa walikuwa na haki ya kutabasamu. Lakini mfumuko ukishuka, bei haishuki. Mwizi aliyekuwa akikimbia na mfuko wako sasa anatembea nao, basi. Tena wataalamu wana kipimo kingine, mfumuko wa msingi, ambacho huacha nje nishati na vyakula ambavyo bei zake hazitulii. Kwa kipimo hicho hata mimi ni tajiri: niondolee nyanya, sukuma wiki na mafuta ya taa, uone nitakavyonawiri.

Mama anayeniuzia omena, dagaa wa ziwani, ameutatua mfumuko bila kamati. Bei ya gorogoro yake, yaani mkebe wa kupimia, haijabadilika, ila kitako cha mkebe kimegongwa nyundo kikaingia ndani, hata ukitia mkono unagusa chini kabla vidole havijazama. Hujaza kwa madaha, akarundika kilima juu, na kilima hicho kikiporomoka hurudi kwenye gunia lake, kamwe si kwenye mfuko wangu. Nilimwambia, "Mama, mkebe huu umeota kitambi kwa ndani." Akanijibu bila kuinua macho, "Fundi, ukitaka uliobonyea kwa nje, njoo na wako." Atakayekuja kuandika bei tu ataandika kwamba Kibuye hakuna mfumuko.

Kinachonichosha hasa ni riba. Februari 2024 Benki Kuu iliipandisha riba yake, ile inayoongoza riba za mikopo ya benki, hadi asilimia 13, baada ya dola moja kufika takriban shilingi 160. Mwezi huo huo serikali ikauza hatifungani ya miundombinu, yaani hati ya kuikopesha serikali, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, tena isiyotozwa kodi. Shilingi ilipona, na sifa hiyo simnyimi gavana. Lakini mwenye mamilioni yake kule Riat, vilima vya wenye nazo karibu na Kisumu, aliikopesha serikali akalala, fedha zikazaa bila jasho wala kodi, ilhali mimi niliyekopa kununua mashine nilipandishiwa riba kabla redio haijapoa.

Kuanzia Agosti 2024 gavana akaanza kuishusha, hatua kwa hatua, hadi asilimia 9.75 mnamo Juni 2025. Benki zilijikokota kushusha riba za mikopo kiasi kwamba Februari 2025 Benki Kuu ilizionya kuwa itazipelekea wakaguzi na kuzitoza faini. Katika benki yangu, kijana mwenye tai alinieleza kwa heshima zote, "Mzee wangu, kupanda ni papo hapo, kushuka kuna taratibu." Mkopo nafuu upo, akasema, ila unahitaji hatimiliki ya ardhi. Nikamwambia nina mashine ya kuchomelea. Akaandika kitu kwenye karatasi, na kwa jinsi alivyoandika haraka, nilijua ni neno fupi.

Kwa hiyo riba ikipanda anakula mwenye fedha, ikishuka anakula mwenye shamba, na kwa kawaida hao wawili ni mtu mmoja. Yule bwana wa Riat amekopa kwa riba hii mpya na anajenga nyumba za kupangisha. Milango na madirisha ameniagiza mimi, jambo ninalomshukuru sana, ila ameniomba nimtengenezee kwanza, atanilipa wapangaji wakishaingia. Kuhusu riba ya deni hilo hatukuzungumza.